Kipande Kimoja, Habari Moja

Jumanne, 1 Machi 1988
Leo tena papai. Mdogo wangu Koku vidonda vimemjaa mdomoni, ndizi hazipiti, uji anautema. Papai tu. Tena liwe limeivia mtini, likiivia ndani ya nyumba anasema linamchoma. Tumeshakubaliana, kipande kimoja, habari moja. Bila habari hafungui mdomo. Nimempa ya katekista kuanguka na baiskeli mbele ya mchumba wake. Kala karibu nusu. Asante Mungu. Padri kasema Kwaresima hii tufunge hata umbea. Padri hana mgonjwa.

Alhamisi, 3 Machi
Mvua. Mpapai wa nyuma ya jiko una mawili yameanza mstari wa njano. Nimeyafunga majani makavu ya mgomba, ndege wasiyaone. Mpapai huu haukupandwa. Koku alitema mbegu pale mwaka aliorudi kutoka kisiwa cha Bumbire, mvuvi wake alipofariki. Watu walisema sana. Na mimi nasema, lakini si ya Koku.
Jioni nikampa habari ya zamani. Kaijua. Kafunga mdomo.

Ijumaa, 4 Machi
Ta Petro kafariki. Jirani yangu, ng'ambo ya barabara. Ugonjwa huuhuu wa Koku. Mwaka huu tunatoka msiba tunaingia msiba. Basi kijiji chote tumekaa kwake. Hakuna kushika jembe, hakuna kuchuma kitu mpaka matanga yaishe. Desturi yetu, sibishi. Asiyekaa kwenye misiba ya watu, wa kwake nani atamzika? Na mimi nina mgonjwa ndani.

Jumamosi, 5 Machi
Nimekaa kwenye nyasi na wenzangu, macho yapo kibanjani kwangu, kwenye mpapai. Ndege wamefungua jani. Papai moja wametoboa, limekwisha. Limebaki moja. Koku hajala tangu jana, chai tu. Nina hasira. Nimemkasirikia mpaka marehemu. Mungu anisamehe.

Jumapili, 6 Machi
Ma Jasinta, mjane mwenyewe, kanishika mkono katikati ya watu.
"Waitu, mwenzetu, Koku kala?"
Nikasema hajala. Wazee wakainua vichwa. Ma Jasinta akapaza sauti wote wasikie.
"Nenda kamchumie. Petro wangu hana haraka tena."
Mzee wa ukoo akakohoa. "Nenda, lakini urudi. Bila wewe hapa tutasinzia."
Watu wakacheka, msibani. Hata mjane.
Nililichuma kwa mikono miwili kama mtoto wa watu. Limeiva mpaka ndani. Koku akadai habari. Nikampa hiyohiyo ya msibani, na kukohoa kwa mzee nikaigiza. Kwa habari hiyo moja kala mpaka likabaki ganda. Nimelia jikoni, kisha nikarudi msibani. Jamani, nimeshukuru.

Alhamisi, 10 Machi
Matanga yameisha jana. Wamelima wote leo, mimi nimelala. Ma Jasinta kaleta papai la kwake, kubwa, kalifunika kanga.
Jioni nimelikata. Sina habari hata moja, nilizimaliza zote msibani. Nikakaa tu na sahani. Koku kafungua mdomo bila kudai. Kala taratibu. Halafu yeye ndiye akaanza. Mchana alimwona dirishani katekista anasukuma baiskeli, mchumba kakaa nyuma, hataki kushuka hata kwenye mlima.
Habari mpya. Sikuwa nayo.
Akanisogezea kipande. Nikafungua mdomo.