Nafasi ya Kidole Kimoja

Dameski, 12 Rajabu 764

Kaka yangu Badru, huko Misri,

Nakusalimu kwa salamu ya Mungu na rehema zake. Natumaini wifi na watoto hawajambo, na kile kikohozi chako cha baridi kimekuacha. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio bado.

Barua yako imenifikia baada ya arobaini ya Baba. Siku ya maziko soko la karatasi lilifungwa. Hata muuza mboga wa mtaani kwetu alilia, yule aliyezoea kumtania: “Sheikh, nafasi yangu bado nyeupe?” Unakumbuka Baba alivyomjibu, kwamba ale figili zake kwa amani, wino ungalimo kidauni. Katika kitabu chake cha habari za watu, kila aliye hai aliachiwa nafasi ya upana wa kidole, mwaka wa kifo uje uandikwe.

Sasa wanakuja mpaka kutoka Halab kunakili historia yake. Wanasema mwaka ulioandikwa na Baba hauhitaji shahidi kwa kadhi. Ndiyo maana swali lako limeniuma: vipi mtu aliyeandika vifo vya maelfu asahau mwaka wa mama yetu?

Fakhrudini, mwanafunzi wake mkubwa, ambaye hakumkuta Mama, naye aliona ile nafasi nyeupe. Akafoka kwamba watu watatucheka: sheikh alijua mpaka siku aliyokufa farasi wa sultani, mkewe je, alizikwa yeye hayupo? Kaburi la Mama halina maandishi, kwa hiyo akanitaka mimi nimtajie mwaka.

Kaka, Baba hakusahau. Macho yake yalipofifia, mimi ndiye niliyemwandikia, miaka sita. Kila tulipofika kwenye jina la Mama, Munisa binti Ali, aliyesomesha hadithi za Mtume hapa barazani kwetu, Baba aliniomba nimwongoze mkono, akalaza kidole juu ya ile nafasi. Kilienea kamili. Nilimwuliza mara moja tu. Akasema, “Mwanangu, hao wengine wote nimewaandika wamekufa. Huyu niachie.”

Basi nimefanya jambo, na ni heri ulisikie kwangu. Mbele ya wanafunzi wote nilisema kwamba Baba alinitajia mwaka, mimi nikapitiwa nisiuandike, na sasa siukumbuki. Nilisema uongo, Mungu anisamehe. Fakhrudini ameandika pembeni mwa ukurasa: “Pengo hili ni uzembe wa binti yake.” Maneno hayo yatanakiliwa pamoja na kitabu, kila kitakakokwenda. Siwezi kuyafuta, wala sitaki.

Atakuandikia wewe kukuuliza. Nakusihi, usimtajie. Kitabu kikikufikia, ufungue hapo kwa Mama, uweke kidole chako.

Wasalimie wote nyumbani. Na unapomwombea Baba, nami unikumbuke.

Dada yako,
Juwairia