Jina Nililoweka Baada ya "According to"

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua ilianza adhuhuri na haijapumua. Bati la ofisi linapiga kelele kiasi kwamba nikilia humu ndani hakuna atakayenisikia. Sijalia. Nimekaa tu.

Naandika ili mkono upate kazi.

Nje, chini ya ukingo wa paa, amekaa msichana anayeitwa Mujinga, jina la kawaida kwetu. Ananingoja mimi. Magotini ameshika sahani ya bukari, ugali wetu, iliyofunikwa kitambaa. Alimletea mama yake, askari wa mlangoni wakakataa kuipokea. Mama yake ni Mama Ngoie, yule anayeleta samaki wakavu kutoka Bukama treni inapopatikana. Tangu jana amefungiwa katika stoo ya zamani ya reli, nyuma ya nyumba anayokaa Kapteni wa askari wa kigeni. Kesho saa moja asubuhi gari litampeleka kambini, kule kwenye uwanja wa ndege. Wapo waliopelekwa kule kabla yake. Sijamwona hata mmoja wao tena sokoni.

Mujinga amekuja kwangu kwa sababu najua Kiingereza. Anataka nimwandikie Kapteni barua.

Hajui kwamba mama yake yuko ndani kwa sababu najua Kiingereza.

Mimi ni karani wa ofisi ya serikali hapa Kamina. Nilisoma Kiingereza miaka miwili kule Lubumbashi, kisha masomo yakasimama kama mambo yote yalivyosimama nchini. Vita vilipoanza tena wakaja askari wa kigeni kutusaidia, watu wasiojua Kifaransa wala Kiswahili chetu. Mkubwa wangu wa ofisi, Papa Ilunga, akaniazimisha kwao kama mtu anavyoazimisha baiskeli. Kila asubuhi nazunguka sokoni na stesheni, nasikiliza watu wanasema nini juu ya vita, halafu namwandikia Kapteni ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Wananilipa unga na makopo ya nyama, na mama yangu na wadogo zangu wanakula.

Kazi hiyo mimi niliiita tafsiri. Watu wa sokoni sijui waliiitaje.

Shida ilianza na neno moja la kwetu: banasema, yaani watu wanasema. Hapa hakuna mtu anayeleta habari bila neno hilo. Banasema daraja limevunjwa. Banasema treni itakuja. Banasema ni nani? Hakuna anayeuliza. Ni kama blanketi moja tunalolala chini yake wote, na tumelala hivyo tangu wakati wa utawala uliopita, mtu alipoweza kupotea kwa sababu ya sentensi iliyokuwa na mwenyewe.

Nilitafuta blanketi hilo katika Kiingereza, nikalipata. Siku ya kwanza niliandika "It is said that". Kapteni alizungushia maneno hayo kalamu nyekundu na kuuliza: amesema nani? Siku ya pili nikaandika "It is reported that". Kalamu nyekundu tena: ameripoti nani, kwa nani? Siku ya tatu nikajaribu "Some sources say", nikadhani nimepona, kwani maneno hayo nimeyasikia redioni mara nyingi. Alicheka kidogo. Akasema yeye si redio.

Si mtu mkali wa kupiga kelele. Aliniambia kwamba alikuwa mwalimu kabla ya kuwa askari, na anasahihisha kama mwalimu kweli, pole pole, ukingoni mwa karatasi. Pengine hiyo ndiyo iliyoniharibu. Nilianza kutaka alama nzuri.

Nilimwomba Papa Ilunga shauri. Yeye ameandika ripoti za serikali tangu kabla sijazaliwa.

"Weye mutoto, andika tu la population," alisema. "D'après la population. Minyi naandikaka vile kila siku. Population habaikamatake." Yaani umma mzima hakuna anayeukamata.

Basi nikaandika "According to the population". Kapteni akaniuliza huyu bwana Population anakaa nyumba gani, maana angependa kwenda kumsalimu. Askari wawili waliokuwa mlangoni wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Halafu Kapteni akaacha kutabasamu, akanifundisha: ukiandika according to, kinachofuata ni jina la mtu mwenye miguu miwili. Kama huna jina, huna habari.

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki hii. Kesho yake nilikwenda sokoni nikitafuta jina.

Mama Ngoie alikuwa amepanga samaki wake juu ya gunia. Ananijua tangu nikiwa shule ya msingi. Siku hizi ananiita Anglais, Mwingereza kwa Kifaransa.

"Ee, Anglais! Leo utanunua, ao utasikiliza tu?"

Nikasema nitasikiliza kwanza.

"Basi sikiliza samaki. Yangu haisemake Kingereza, lakini iko na chumvi."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka, na mimi nikacheka. Nikamuuliza habari za njia. Akavunja mkia wa samaki mmoja, akanipa nionje, akajibu bila kunitazama: "Banasema bale bantu balifika Mulongo mbele ya siku ya Mungu. Minyi sikuona. Banasema."

Alimaanisha kwamba waasi wamekwisha kufika Mulongo, kabla ya Jumapili iliyopita, na kwamba yeye mwenyewe hakuona. Alisikia kwa watu wa mitumbwi huko Bukama, kama kila mtu. Nusu ya soko ilikuwa na habari hiyo hiyo.

Niliirudisha ofisini kichwani mwangu, na njiani ikageuka Kifaransa, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kufikiri mbele ya karatasi. Kifaransa kina adabu moja nzuri. Ukibeba habari isiyo yako, unakikunja kitenzi, na msomaji anajua hapo hapo: huyu hathibitishi, anapokeza tu. Les rebelles seraient à Mulongo: waasi, inasemekana, wako Mulongo. Magazeti yote huandika hivyo. Mimi nikachukua mkunjo huo huo nikaupeleka katika Kiingereza. Nikapiga kwa mashine:

According to Mama Ngoie, fish seller, the rebels would be in Mulongo before Sunday.

Niliipenda sentensi hiyo. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliisoma kwa sauti. Nilipenda mahali koma zilipokaa.

Kiingereza hakina adabu ile. Anayesoma sentensi yangu anaelewa kwamba waasi bado hawajafika, kwamba watafika kabla ya Jumapili ijayo, na kwamba mwanamke mmoja muuza samaki anajua mpango wao na siku yao.

Na "Minyi sikuona"? Alisema hivyo waziwazi. Sikuandika. Nilitaka kusema hapa kwamba ukurasa ulikuwa mmoja na nafasi haikutosha. Si kweli. Niliiacha kwa sababu iliharibu umbo la sentensi.

Jana saa nne asubuhi askari walikuja kunichukua niwaonyeshe huyo mama ni yupi. Sikujua wanamtakia nini. Nilifikiri wanataka kumuuliza zaidi. Nilinyoosha kidole. Walipomshika mikono miwili, kapu lake likamwagika, naye akanitafuta mimi kwa macho, si wao.

"Anglais! Ambia bale banakosa muntu! Ambia bo, minyi niko muuza samaki tu!" Yaani niwaambie wamekosea mtu.

Nikatafsiri. Kazi yangu ni kutafsiri. Nikawaambia: anasema yeye ni muuza samaki. Askari akafunua karatasi, akatazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndiye. Imeandikwa hapa, fish seller.

Sokoni hapakucheka mtu. Nilipopita kurudi, wanawake walifunika bidhaa zao.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Kapteni. Miguu ilitaka kugeuka mara mbili njiani. Nilimweleza kosa langu, Kifaransa kinafanyaje na Kiingereza kinafanyaje, nikachora hata mistari miwili kwenye kipande cha karatasi, wakati uliopita huku na wakati ujao huku. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," alisema, "Kiingereza chako ni kibaya."

"Ndiyo, bwana."

"Jana kilikuwa kizuri."

Nilitazama viatu vyangu. Nilimwambia tu kwamba mama yule hajui kitu, alirudia maneno ya watu, kwetu ndivyo tunavyosema. Akachukua kalamu yake nyekundu, akaizungusha vidoleni. Akasema nirudi kesho kabla ya gari kuondoka, nimletee sentensi iliyosahihishwa. Mwanamke akiwa hana habari, atabaki hapa na ataachiwa. Lakini habari ya Mulongo imekwisha kupelekwa juu, na wakubwa wake watauliza imetoka kwa nani. "Usiniletee nafasi tupu," alisema. "Kama si yeye, ni nani?"

Nimekaa na swali hilo tangu saa mbili asubuhi.

Papa Ilunga alifunga mlango wa chumba chake kabla ya kusema nami.

"Weka jina ya muntu alikufa," alininong'oneza. "Mufu haiogopake."

Nilifikiri ni akili kubwa. Nilitia karatasi katika mashine, nikaandika jina la mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa stesheni, aliyezikwa mwezi jana. Ilikaa vizuri. Halafu nikakumbuka kwamba mjane wake yuko hai, na anakaa nyumba ya tatu baada ya kanisa, na watoto wake wawili wana umri wa kuitwa waasi. Nikaitoa karatasi nikaichana, nikavitia vipande mfukoni kwa sababu niliogopa hata ndoo ya takataka.

Watu wa mitumbwi? Namjua mmoja kwa jina. Yuko mbali, Bukama. Lakini reli inafika Bukama, na askari nao wanafika.

Kwa hiyo limebaki jina moja. Nimelizunguka siku nzima kama mtu anayezunguka kisima.

Ninaogopa. Niliandike neno hilo wazi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na vita vilimkuta kazini katika kituo ambacho sasa kiko upande wa waasi. Hajaweza kurudi. Hapa ofisini hakuna anayelisema jambo hilo, Papa Ilunga kwa wema wake hakulitia katika faili langu. Lakini mtu akianza kuuliza huyu karani ni mtoto wa nani, hatachukua nusu saa kujua. Karani mwenye baba ng'ambo, anayeandika siku ya kufika kwa waasi, kisha anasema amekosea sarufi. Mimi mwenyewe nisingeamini.

Nami nina mama. Nina wadogo watatu wanaokula makopo yale.

Saa tisa Mujinga aligonga. Alikuwa ameloa mpaka kwenye vitambaa vya nywele.

"Ya," alisema, yaani kaka, "banasema weye unaongeaka na Kapteni muzuri. Uniandikie tu barua. Umuambie mama iko na presha. Umuambie hakuna kitu anajua."

Nikamuuliza kama ameambiwa mama yake ameshikwa kwa nini.

"Banasema kuko muntu alimuchongea. Muntu ya hapa hapa." Akafuta uso. "Sitaki kumujua leo. Leo nataka barua tu."

Nikamwambia angoje nje, nitaandika.

Na nimeandika. Si barua yake, ni ile sentensi. Imenichukua saa moja na nusu na karatasi nne, mimi niliyekuwa nikimaliza ukurasa mzima kabla ya chai. Nimeandika kwamba maneno yale yalikuwa sokoni na hayakuwa ya mtu, kwamba yanahusu siku zilizopita si zijazo, kwamba muuza samaki alisema hakuona kwa macho yake. Baada ya according to nimeweka jina langu kamili, la kwangu na la baba yangu, kama lilivyo katika kitambulisho. Sentensi haipendezi. Ina koma nyingi na Kapteni atazungushia angalau mbili. Nimeisoma mara sita kutafuta mahali inapoweza kueleweka vibaya. Nimepata moja, nimerekebisha. Sijui kama ipo nyingine ambayo Kiingereza changu hakiioni.

Nimetia sahihi. Imepinda.

Nitaipeleka mwenyewe sasa, Kapteni akiwa bado mezani. Nikiipeleka kesho sitaipeleka, najijua. Daftari hili nitalifunga katika nailoni na kulitia chini ya gunia la mkaa la mama.

Lakini kabla ya kwa Kapteni kuna Mujinga, na mlango ni mmoja. Siwezi kutoka bila kumpita. Naweza kumwambia barua iko tayari, tutaona, na hilo si uongo. Naweza kumwambia kwamba lilitokea kosa ofisini. Kiingereza kina njia safi kabisa ya kusema hivyo bila kumtaja mkosaji, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sitaki kuitumia.

Mvua imepungua. Nasikia anajikohoza huko nje.

Nitamwambia kwa maneno yetu, yasiyo na pa kujificha. Mujinga, ule muntu alimuchongea mama, njo minyi.