Linki ya Herufi za Kiarabu

Jumamosi. Mvua imeinyeshea Busanza, mtaani kwetu, tangu alfajiri, nami nimeamka na wasiwasi uleule wa juzi.

Juzi namba nisiyoijua, ya Oman, ilinitumia linki bila hata salamu. Anwani yote ilikuwa kwa herufi za Kiarabu, hata pale mwishoni nilipozoea kuona .rw ya nchi yetu au .com. Sikujua kama anwani za mtandao huandikwa hivyo. Nikaizuia namba papo hapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilishatapeliwa.

Ila mdogo wangu Chantal yuko Oman.

Alikwenda kufanya kazi za ndani. Nilimkataza, hakusikia, nikamwambia akishaondoka asinitafute tena. Huu ni mwaka wa pili na hajanitafuta. Je, kama ni yeye? Au kuna mtu kaiba simu yake? Sikubonyeza. Nilijiambia naogopa wezi, kumbe naogopa habari mbaya.

Leo nimeipeleka simu kwa Mama Hadija, fundi anayenishonea nguo kule Biryogo. Nikamwomba asome tu, asiguse. Lakini yeye kusoma alifundishwa madrasa, na madrasa herufi hufuatwa kwa kidole.

"Hapa iko neno ya kushona... huku iko Oman," akasema, kidole kikitembea juu ya linki. Ikafunguka.

Nikapiga yowe. Akacheka. "Usiogope, Mama Keza, iko manguo tu!"

Magauni, tena mazuri. Katikati yao kasimama Chantal, kanenepa, futi ya kupimia shingoni, mkono juu ya cherehani.

Ningefurahi, lakini nilisema hata picha huibwa. Mama Hadija akanitazama kana kwamba mimi ni mgonjwa.

Nimerudi nyumbani, nimeifungulia ile namba na kuandika: "Kama ni wewe kweli, mama alikuwa akikuita nani?" Sikumsalimu.

Jibu limeingia sasa hivi.

"Kadogo. Dada, nimefungua duka langu, nilitaka ulione. Unaniruhusu nikupigie?"

Nimelisoma mara tatu, nikitafuta mtego. Hakuna mtego. Kuna mtoto wa mama yangu anayeomba ruhusa ya kunipigia simu.

Nani alimfundisha kuniogopa hivi, kama si mimi?