Mkia Ambao Hukuutazama

Kaka yangu mpendwa,

Neema ya Bwana iwe nawe huko Nzuguni. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia barua hii ya wazi, na wengine wasome.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Tulikuwa tukilinda vifaranga vya mama kwenye malisho yale chini ya mlima, hapa Kibakwe, nyasi zimekauka, mti hakuna. Ndege akitokea, aliyemwona kwanza anapiga kelele: "Mkia!" Mwenzake atazame ndipo ajibu. "Umepasuka!" Huyo mwewe, mwizi, tunapiga debe na kurusha mawe. "Mwekundu!" Huyo ni yule mkubwa, mabawa mapana, tumbo jeupe, mkia mfupi wa rangi ya udongo wa kichuguu. Tulimwacha. Mama alikuwa akisema, "Mwacheni mkwe wangu, anatumalizia panya wa shamba." Siku niliyojibu bila kutazama ulinifinya sikio: "Macho umepewa ya nini, we mtoto?"

Ndiyo maana inaniuma hivi. Kila Jumapili napiga magoti nikiomba moyo wangu ulainike. Haulainiki.

Uzeeni huku uliniletea vifaranga vyako vya kisasa nikufugie. Ndege akachukua kimoja, nikakuuliza, "Kaka, mkia ulikuwaje?" Ukacheka. "Mwewe ni mwewe, mdogo wangu. Utoto huo hujauacha tu?" Ukatia sumu kwenye utumbo wa mbuzi, ukautupa malishoni, ukawasha gari ukaenda zako.

Nilimkuta yule mkubwa amelala kifudifudi, mabawa wazi kama kanga iliyoanguka kambani. Mkia mwekundu, kaka. Hata kwa mbali ungeuona. Na kesho yake mwewe akaja, mkia umepasuka, akabeba kifaranga kingine.

Mwaka huu panya wamekula mtama ukiwa bado umesimama. Nimevuna mabua. Ukanitumia ujumbe: "Mwombe Mungu, dada." Namwomba. Lakini mlinzi alikwisha kunipa, ukamuua wewe.

Mwenzake amebaki, anazunguka peke yake. Jana alipita juu ya uwanja, nikajikuta napiga kelele, mwanamke mzima mwenye wajukuu: "Mkia!" Kuku wako wakakimbilia chini ya ghala. Nikasimama pale, nikingoja, mpaka akapotea nyuma ya mlima.

Pole yako ya simu siitaki. Njoo usimame hapa uwanjani, utazame juu, unijibu.

Ni mimi, mdogo wako uliyemfinya sikio.