Unga Ambao Sikuupeleka

Makambako,
Jumapili, tarehe 15 mwezi wa pili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Matamba juu ya lori la viazi, na wewe umesimama barabarani na koti lako la kijani. Kifua chako kinaendeleaje asubuhi? Na miguu ya Mama je, bado inavimba? Mimi mwili mzima, nashukuru. Bega la kulia linauma nikililalia, lakini kazi nafanya.

Najua anayekusomea ni Tumaini. Mdogo wangu, soma yote kama nilivyoandika. Usiruke mstari, na usilainishe neno ili Baba asiumie. Akikuambia rudia, rudia.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Nimejaribu mara mbili. Nikisikia unauliza, "Shangazi yako hajambo?" najikuta nimeshajibu kwamba hajambo, namtunza vizuri, halafu najifanya salio limekwisha. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza wala wa kunisaidia kukwepa.

Baba, shangazi nilikuwa simtunzi.

Siku naondoka uliniambia jambo moja tu. Ulisema, dada yangu yuko peke yake huko Njombe, mumewe amekufa, watoto amezika, na wewe unakwenda kukaa saa moja tu kutoka kwake. Nikakuahidi. Miezi ya mwanzo nilitimiza. Kila mwisho wa mwezi nilipanda gari hadi Njombe na debe la unga, mafuta na chumvi, nikalala kwake usiku mmoja, asubuhi nikarudi kazini. Mwezi wa tisa mbao ziliniangukia begani pale yadi ya mbao ninapofanya kazi, nikakaa wiki mbili bila kazi, kwa hiyo sikwenda. Mwezi wa kumi nilipata unga, lakini nikawaza: nitafikaje na debe moja wakati nilipaswa kupeleka mawili? Nikasema nisubiri niwe na mawili. Mwezi wa kumi na moja yakawa matatu. Unajua kwetu mtu haendi kwa shangazi yake mikono mitupu, na mimi nilitumia adabu hiyo kujificha. Kadiri nilivyochelewa ndivyo mzigo wa kwenda nao ulivyokua, hadi nikaacha hata kumpigia simu mjumbe wa mtaa wake kumuulizia. Unga niliokuwa nao tuliula hapa na wenzangu.

Mwezi huo huo wa kumi na moja Mama akaniambia kwamba ulisimama kanisani ukatoa jogoo la shukrani, kwa sababu una kijana anayemlisha dada yako, na kwamba jogoo lilinadiwa nje hadi watu wakashangilia. Siku hiyo sikula, Baba. Lakini pia sikwenda Njombe.

Sasa sikiliza ya mwezi wa kwanza. Mjumbe alinipigia mwenyewe. Akasema pale kituo cha misheni wanaandikisha wazee wa kupewa chakula hadi mahindi mapya yatoke, na shangazi ameitwa, ila anatakiwa aje na mtu wa kumfasiria. Kiswahili anakisikia, lakini unamjua, hapendi kukisema mbele za watu. Nikaenda. Nilinunua kilo ya sukari na mche wa sabuni, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa.

Alinipokea kwa vigelegele, peke yake pale mlangoni. Hakuuliza nilikuwa wapi. Aliniketisha karibu na moto, akapika ugali na mboga ya kunde, na nilisikia kikombe kikikwangua chini ya debe. Nikamwambia, "Shangazi, tule wote." Akasema, "Mimi nimekula mapema, wewe umetoka safari." Nikala, nikamaliza. Mtu mwenye akili angebakiza.

Kule kituoni tulipewa binti anaitwa Rehema. Ni mwanafunzi wa chuo, anasomea ustawi wa jamii, yuko fildi, mafunzo ya vitendo. Kwao ni Tanga, na baridi ya Njombe ilikuwa inamtesa. Alivaa sweta mbili na bado alikuwa anapuliza vidole. Alimpigia shangazi magoti kidogo akasema shikamoo bibi, kisha akaniambia:

"Kaka, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumhoji mtu. Nikikosea mnivumilie."

Nikamfasiria shangazi. Akacheka. "Mwambie hata mimi ndiyo mara ya kwanza kuhojiwa. Tutakosea wote."

Akaulizwa umri. Shangazi akasema alikuwa anabebwa mgongoni mwaka wa nzige. Rehema akaitazama fomu, akanitazama mimi. Nikamwambia, "Andika sabini na kitu." Akasema, "Kaka, na kitu haina nafasi hapa." Tukaandika sabini na tano, ikawa hivyo.

"Kwenye kaya mko wangapi, bibi?"

"Mimi na paka," akasema shangazi. "Lakini paka asiandikwe, yeye anajitafutia."

Tulicheka wote watatu. Nakueleza haya ili ujue kwamba hakuna aliyekuwa mkali, hakuna aliyetubana. Ningeweza kusema lolote.

Kisha binti akauliza, jana jioni bibi alikula nini. Shangazi alinitazama usoni, halafu akasema kwa lugha yetu, "Mwambie nilikula ugali wa unga ulioniletea."

Nikasema kwa Kiswahili, "Alikula ugali. Wa unga niliomletea."

Ndipo likaja swali lenyewe. Rehema alilisoma kwenye karatasi, kidole kikifuata maneno: je, kuna ndugu anayemsaidia chakula mara kwa mara? Shangazi akaweka mkono juu ya goti langu. Akasema, "Huyu. Ni mtoto wa kaka yangu. Kila mwezi yuko mlangoni kwangu. Hajawahi kuniacha."

Nikafasiri, Baba. Neno kwa neno, sikupunguza kitu. Binti akafurahi sana, akaandika mistari miwili mizima. Akaniambia, "Hongera kaka. Wangekuwa wengi kama wewe, ofisi hii ingefungwa."

Na mimi nikamjibu, "Tunajitahidi tu."

Maneno yote ya siku ile kuhusu unga yalikuwa ya shangazi, mimi nilikuwa nayapitisha. Hayo mawili ndiyo yangu.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini amesema vile. Alisimama katikati ya njia, akaegemea fimbo yake.

"Ulitaka nimwambie nini mtoto wa watu? Kwamba kaka yangu alizaa mtu wa kunisahau, na mtu mwenyewe amekaa hapo ubavuni kwangu anatafsiri? Kwetu hatumvui mtu nguo mbele ya mgeni."

"Lakini shangazi, hawatakupa chakula."

"Mimi nimekustahi," akasema. "Wewe ulikuwa na mdomo, na Kiswahili unakijua. Umefanya nini navyo?"

Akaendelea kutembea. Nikamfuata nyuma. Jioni nilipanda gari la Makambako na nikajidanganya kwamba labda watampa tu.

Baada ya wiki moja mjumbe akanipigia. Majina yamebandikwa mlangoni kwenye kituo, la shangazi halipo. Wamesema wenye ndugu wanaowalisha wasubiri. Akaongeza, "Lakini kijana, huyo anayelishwa, mbona mimi juzi nimemwona anaomba majani ya maboga kwa jirani?" Nikamwambia nitafuatilia.

Siku mbili nilizunguka na maneno hayo nikipanga mbao. Ya tatu nikaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Akapiga kelele yadi nzima isikie, "Jamani, Mkinga anaomba siku ya kupumzika! Kesho jua litatokea magharibi, Mbeya!" Hapa sisi wote wa Makete, hata wa Matamba, wanatuita Wakinga tu, na wanasema Mkinga hapumziki. Akanipa siku moja.

Nilimkuta Rehema peke yake. Akanikaribisha kwa furaha, akavuta kiti. Nikabaki nimesimama. Nikamwambia, "Dada, yale uliyoandika si kweli. Mimi sijampelekea yule mama unga tangu mwezi wa nane."

Hakuelewa. "Si bibi mwenyewe alisema?"

"Alisema kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa pale. Angekuwa na mtu mwingine asingesema."

Akaweka kalamu chini. Nilidhani atanihurumia, sijui kwa nini nilidhani hivyo. Akasema, "Kwa hiyo kaka, ulikaa pale, ukasikia, ukaniacha niandike. Mtu wangu wa kwanza kabisa." Macho yalikuwa mekundu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nina kosa. Chuoni tulifundishwa usimhoji mtu mbele ya ndugu yake. Nilifurahi kupata mkalimani, nikasahau."

Akaniongoza hadi kwa Sista anayemsimamia. Huyo ni Mbena, mtu mzima, hana maneno mengi. Alisikiliza, akauliza kama niko tayari kuyarudia yaandikwe. Nikasema ndiyo. Rehema akaandika, akanisomea: kwamba mzee ana mtoto wa kaka yake, yuko Makambako, ana nguvu na ana kazi, na kwa miezi mitano hajamletea chakula. Akauliza, "Nimeandika sawa?" Nikasema sawa. Nikatia sahihi. Kwa hiyo Baba, jina la ukoo wetu liko kwenye jalada pale misheni, na hivyo ndivyo lilivyoandikwa. Nimeona ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa wapita njia.

Sista akasema chakula cha mgao huu kimeshagawanywa, hakirudishwi. Mama huyu akihojiwa upya ataingia mgao unaofuata, mwezi wa tatu. "Na mwezi huu atakula nini?" nikauliza. Akanitazama. "Mwezi huu," akasema, "si nimesikia yupo mtoto wa kaka yake?"

Nikamfuata shangazi siku ile ile. Safari hii Rehema alimtafuta jirani, Mama Anyesi, amfasirie kwa Kibena, maana shangazi kwa miaka aliyokaa huku Kibena anakisema kama aliyezaliwa nacho. Mimi niliambiwa nisubiri nje. Nilikaa juu ya jiwe karibu na bomba la maji. Mwanzo nilisikia kicheko, nadhani paka alitajwa tena. Halafu kicheko kikaisha. Sauti ya shangazi ikawa inakwenda peke yake, chini chini, bila kuulizwa kitu. Ukuta ulizuia maneno. Nilitamani kuyasikia na niliogopa kuyasikia.

Alipotoka alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya khanga. Hakunitazama. Mama Anyesi alinitazama sana. Rehema alimsindikiza hadi barazani, akamshika mikono yote miwili, na mimi akaniaga kwa kichwa tu. Tulipofika barabarani shangazi akasema, "Haya, sokoni ni upande huu." Nikanunua debe la unga, maharage na mafuta, nikabeba begani, lile la kushoto. Hakunishukuru, na nilifurahi kwamba hakunishukuru.

Tangu siku hiyo nakwenda Jumapili moja, naruka moja. Jumapili iliyopita nilipalilia mahindi yake, yamefika kiunoni. Leo si zamu yangu, ndiyo maana nimekaa kuandika. Kula anakula. Kuongea na mimi anaongea kidogo. Ananiambia lete maji, ziba hapo panapovuja. Zamani alikuwa ananiita kwa jina la babu, ambalo nilirithi. Sasa ananiita jina la shuleni kama wanavyoniita watu wa yadi. Sijamuuliza kwa nini. Najua.

Sikuombi unisamehe kwenye barua, maana barua haijibu palepale. Nakuomba mambo mawili. Usinishukurie tena kanisani. Na ukiona ni vyema, mtumie dada yako salamu zako mwenyewe kwa simu ya mjumbe, usizipitishe kwangu, kwa sababu sasa anazipima salamu ninazomletea.

Nisalimie Mama, mwambie nguo ya kujifunika aliyonipa bado ninayo. Nisalimie baba mdogo fundi seremala, na mkewe anayeuza maziwa. Mwinjilisti wetu pia, na umweleze kuhusu lile jogoo, ama niachie nitamweleza mwenyewe. Tumaini, ahsante kwa kusoma hadi hapa.

Nilisema ningekuja Pasaka. Sitakuja, kwa sababu Pasaka shamba la shangazi litakuwa linahitaji mtu. Nategemea kufika Matamba mwezi wa saba, mahindi yake yakiwa ghalani. Nilimuomba tuje pamoja. Amesema hapana, nitangulie mimi, nikae mbele yako tutazamane. Yeye atakuja mwaka mwingine, wewe ukishamaliza kunisema.

Mwanao, aliyekuangusha,
Elia