Nilimwambia Mjane Pikipiki ya Mumewe Imekufa

Mpendwa Bi Subira,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na jina langu naomba usilitaje, maana hapa Msambweni ninajulikana, ninafundisha shule ya msingi na jioni hutengeneza vitu vikuukuu, redio, cherehani, jenereta, chochote kilichotupwa, na watu huniletea kwa sababu wananiamini, na neno hilo la kuaminiwa ndilo linaloniuma sasa hivi ninapoliandika.

Tuna jirani, mama mjane, Bi Mwanarusi. Marehemu mumewe, Mzee Shutu, alikuwa bwana mifugo, na miaka yake yote ya kazi alipanda Yamaha nyekundu, zile za zamani kutoka Japani ambazo oili huchanganywa na petroli, akaenda nayo mpaka huko bara, upande wa Kinango, kuchanja ng'ombe, na alipofariki ikabaki kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanalala juu ya tangi na kutaga kwenye kiti kilichopasuka. Masika yaliyopita banda likainama, Bi Mwanarusi akaniita akanambia, "Ichukue uitazame, mwanangu. Ikiwa itapona, nambie. Ikiwa haiponi, iondoe kabisa, maana kila nikifagia uani naiona."

Niliisukuma mpaka kwangu. Nikatoa plagi, nikatia oili kidogo, nikakanyaga kiki, na injini ikazunguka, Bi Subira, haikuwa imeganda, nikajua papo hapo kwamba itapona. Asubuhi yake nikakutana naye dukani, akaniuliza, nami nikamjibu kwamba imekufa, imeliwa na kutu yote, nitaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akasema alhamdulillahi, basi imekwisha, akachukua sabuni yake akaenda zake.

Nilijiambia kwamba ninataka kumshangaza, siku moja nije nayo mlangoni ikiwaka, alie kwa furaha. Labda mwanzoni ilikuwa kweli. Lakini nilivyozidi kuishughulikia ndivyo nilivyozidi kuiona yangu. Kabureta niliichemsha kwa ndimu mpaka ikang'aa, tangi nilitia kokoto na siki nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, ringi za pistoni nilitafutiwa na Chome, muuza vipuri wa Lunga Lunga, akaziagiza kutoka Tanga, spoki nikazipiga msasa moja moja, rangi nikarudisha nyekundu ileile. Ilipowaka mara ya kwanza na ule moshi wa oili ukajaa uani nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mke wangu Twaiba akatoka jikoni akauliza, "Bi Mwanarusi umemwambia?" Nikasema nimemwambia, na kwamba amenipa.

Halafu wapenda pikipiki za kale wakakutana Diani, nami nikaenda, watu wakaizunguka wakapiga picha, na bwana mmoja akaniuliza nimeitoa wapi, nikasema ni ya marehemu baba, alikuwa bwana mifugo, akachanja ng'ombe huko Kinango. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Hakuwahi kupanda hata baiskeli. Nilimvua marehemu Shutu maisha yake nikamvika baba yangu ili nisifiwe na watu nisiowajua.

Nyumbani nilikuwa naisukuma imezimwa mpaka barabara kuu ndipo naiwasha. Siku moja ya Ijumaa nilichelewa swala, nikaiwasha hapohapo nikapita mbele ya nyumba yake. Alikuwa barazani anapepeta mchele. Alisimama, mchele ukamwagika, nami nikakaza macho mbele nikapita.

Alasiri akaja kwetu. Mimi nilikuwa chumbani, nikamsikia akimwambia Twaiba kwamba amesikia sauti ya pikipiki akadhani amerukwa na akili, je, mume wako amenunua nyingine ya aina ile? Twaiba akamjibu bila wasiwasi, "Si ndiyo ileile, Bi Mwanarusi. Kwani hakukwambia? Amesema ulimpa."

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango na sikukizungusha. Kisha nikamsikia mama yule akisema, "Ah, ndiyo, alinambia. Uzee huu, mwanangu, nasahau." Akauliza habari za watoto, akaaga.

Alinisitiri, Bi Subira. Mbele ya mke wangu, mama niliyemdanganya alinisitiri, na alijifanya msahaulifu kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo pikipiki nimeifunika turubai, msikiti wa jirani siendi tena, ninaswali kwenye ule wa mbali, na nikimwona kwa mbali ninakata njia ya mashambani. Twaiba ananiuliza kwa nini siipandi, nasema kabureta. Nimefikiria nimpe Chome airudishe kimyakimya, au nimpelekee mama yule leso na sukari bila kusema kitu, au ninyamaze tu, kwani yeye mwenyewe amekwisha kulifunika, na nikilifunua labda nitamwaibisha na yeye. Nifanye nini?

Mwenye haya, Msambweni

*

Bi Subira anajibu:

Marahaba, mwalimu. Majina yote nimeyabadilisha, pumua.

Nimeisoma barua yako nikakuhurumia, halafu nikafika pale uliposhika kitasa cha mlango, na huruma ikapungua. Mlango ulikuwa ni wa kuzungusha kitasa tu. Mama mzima anajiita mzee msahaulifu barazani kwako, nawe uko ndani unasikiliza.

Unajidanganya jambo moja. Unadhani kwa vile Bi Mwanarusi amelifunika, limesamehewa. Hukusamehewa. Hujaomba, utasamehewaje? Alichofanya ni kumlinda mke wako asiumie. Na habari ya kwamba utamwaibisha ukisema ukweli, hiyo iache kabisa. Aibu ni yako. Usimbebeshe.

Sitakwambia kwamba hukuifanyia kazi pikipiki ile. Umeifanyia, na inaonekana una mkono mzuri. Lakini hukuombwa uipende. Uliombwa uitazame, na ukipata jibu umwambie. Jibu ulilipata siku ileile.

Sasa sikiliza. Anza na Twaiba, leo, kabla hujalala. Yeye ndiye aliyetamka uongo wako kwa kinywa chake akiamini ni kweli, na ana haki ya kukasirika, kwa hiyo mwache akasirike na usimwambie atulie. Kisha nenda kwa Bi Mwanarusi mchana, kwa njia ya mbele. Usimtume Chome, si yeye aliyedanganya. Leso na sukari ziache dukani, maana ukienda na zawadi utamlazimisha akushukuru. Pikipiki iwashe kutoka kwako ili aisikie ikija, asishtuliwe tena. Ukifika izime, mwamkie, mwambie, "Nilikudanganya. Ilikuwa nzima nami nilijua." Ukimaliza hapo nyamaza. Usiongeze kwamba ulitaka kumshangaza, usimhesabie taabu ya ringi na rangi. Mpe ufunguo mkononi.

Akisema ichukue, ikatae. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Na wale wa Diani watafute uwaambie pikipiki ilikuwa ya nani, kwa jina lake kamili. Marehemu hana wa kumsemea ila wewe uliyemnyang'anya.

Na msikitini kwenu rudi.

*

Kabla ukurasa huu haujapigwa chapa, mwalimu ameniletea ujumbe mwingine, nami nauweka kama ulivyo:

Bi Subira, nimekwenda. Twaiba hakupiga kelele. Alisema, "Basi mimi ndiye niliyemuumiza yule mama mlangoni mwangu, nikitabasamu," akaingia ndani, na mpaka leo ananijibu ninachouliza tu.

Bi Mwanarusi alinisikiliza amesimama. Nilisema yale maneno, na mengine yakataka kunitoka nikayameza. Aliizunguka pikipiki, akagusa kiti kipya, akauliza kile cha zamani kiko wapi, nikamwambia nilikitupa. Akasema marehemu alikishona mwenyewe. Kisha akanambia, "Siku ile nilimstahi Twaiba. Wewe sikukustahi, ujue hivyo." Akachukua ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso, akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akaingia ndani.

Wale wa Diani nimewaambia. Yule bwana aliniuliza, "Sasa baba yako alikuwa nani?" Nikamwambia, mkwezi, Mzee Alfani, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake huko.

Jana mpwa wa Bi Mwanarusi, Swabir, alikuja kuichukua pikipiki kuipeleka Kibuyuni, atakuwa anakwendea kazini. Ikamshinda kuiwasha. Bi Mwanarusi akamtuma mtu aniite. Nilikwenda nikamwonyesha namna ya kufunga hewa kwenye kabureta na kukanyaga kiki polepole kwanza ndipo kwa nguvu, nikamweleza kipimo cha oili, nikamwambia asiiendeshe kwa haraka mpaka ringi zizoee. Ikawaka. Bi Mwanarusi alikuwa barazani, mikono kifuani, anaitazama mpaka ikaingia barabarani.

Kisha akanambia, "Ahsante, mwalimu." Zamani alikuwa akiniita mwanangu.

Nikamjibu nilivyopaswa, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikipita njia ya mbele.