Ndama wa Zaituni

Baba yangu,

Zaituni amezaa! Jana asubuhi, ndama jike, mwekundu, na nundu yake ndogo kama ya mama yake. Nilicheka, nikalia, kamasi zikanitoka, wala sikuona haya.

Hujui tulivyoponea chupuchupu. Siku ya tatu ya msiba wako watu walifurika nyumba yetu ya Seeb, hapa Omani, nyama ikapelea, na mdogo wako, Ami Salum, kwa ukarimu wake akamchinja Simba. Dume letu la mwisho la asili, Baba! Majirani wote wameshachanganya ng'ombe wao na wale wakubwa wa kigeni, ungemtoa wapi mwengine? Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Sinia likaletwa, nikala, nikausifu na wali. Jioni nikaenda bandani nikakuta kamba tupu. Ami akaniambia, "Nlidhani ndivyo kaka angetaka, mwanangu." Ningemgombeza vipi? Alikuwa akilia kuliko mimi.

Sasa nikuungamie. Unakumbuka niliporudi kutoka masomoni Uhispania nikakusimulia ng'ombe wa Pajuna? Wale wa milimani, waliobaki wachache, ambao wafugaji wao huhifadhi mbegu za madume kwenye mtungi wa gesi baridi. Ulinisikiliza huku ukimlisha Zaituni tende na dagaa wakavu, kisha ukasema, "Mambo ya sindano mie sitaki bandani kwangu." Nikaitikia, "Haya, Baba."

Ulipokwenda Umra, nikachukua mbegu ya Simba. Nikaificha kazini, kwenye kliniki yetu ya mifugo, na gesi ya mtungi naifuata mwenyewe viwandani Rusayl. Ukarudi, ukanipa maji ya Zamzam, nami nikashindwa kukutazama usoni. Umeondoka hujui, na hilo lilinilemea mpaka jana.

Leo nimepumua. Mbegu niliyokuibia, niliyompandikiza Zaituni baada ya msiba, ndiyo iliyomleta huyu ndama. Ami Salum haondoki bandani, kaja na mfuko mzima wa tende na anamwomba Zaituni radhi kwa Kiswahili na Kiarabu. Zaituni anakula tu.

Nisamehe, Baba, na ulale kwa amani. Mbegu nyengine ipo. Nakuahidi, akizaliwa dume, atazeeka bandani kwako. Na nimeshamuusia Ami: nikifa mimi, watu wapikiwe samaki.

Mwanao,
Rahma